Jumba Linauzwa, Mama Akiwemo

Simu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mteja aliyekuja kuchukua gauni lake, akakuta bado napiga pindo, akavuta stuli akakaa na kuanza kuperuzi huku akiguna. Mimi ni fundi cherehani hapa Mtanda, Lindi mjini, na miguno ya wateja nimeizoea kuliko sauti ya mashine yangu. Nilikuwa nimeinama aliponisogezea simu usoni na kuniuliza kama pale si kwetu.

Ilikuwa video iliyopigwa kutoka angani na vile vidude vya kamera vinavyoruka. Chini ilipita minazi, kisha mikoko, kisha ule mkono wa bahari unaoingia hadi Mingoyo, na mwisho likatokea jumba jeupe la ghorofa moja, baraza lake likitazama maji. Sauti ya kiume, laini, ya mtu ambaye hajawahi kung'atwa na mbu wa pale, ikasema kwamba hili ni jumba la kihistoria, limekarabatiwa kwa ustadi, lina gati yake na shamba lake la minazi, na linauzwa.

Jumba ningelitambua hata ningeoneshwa tofali lake moja. Lakini kamera haikuishia hapo. Ikahama pembeni, ikashuka, na mbele ya macho yangu likaja bati la nyumba ya mama, na banda lake la kuku, na yeye mwenyewe amesimama uani, kanga kiunoni, anaipungia ile kamera kwa mwiko na kucheka mpaka mapengo yote yanaonekana. Ile sauti laini ikasema, "Kibanda hiki kitaondolewa kabla ya makabidhiano."

Mteja akacheka, akasema mama yangu kawa staa. Mimi mguu ulibaki juu ya pedali na mashine ikakimbia yenyewe, ikashona mpaka ikatoka nje ya kitambaa. Sikuwa nimesikia vibaya, kwa sababu nilimwomba airudie, na akairudia, na mama akanipungia tena mwiko ule ule. Mtu anauzwa mbele ya macho yake, na yeye anacheka.

Ile nyumba wanayoiita kibanda ndimo nilimozaliwa. Babu alikuwa mkwezi wa minazi katika shamba lile, na wenye jumba walipoondoka zao, yeye hakuambiwa aondoke wala abaki, akabaki. Akazaa, akalima mihogo, akapanda mikorosho michache upande wa barabara, akamwachia mama. Jumba lenyewe likageuka gofu. Sisi watoto tulilijua kwa popo wake na kwa mbuzi waliopanda ngazi za mawe kwenda ghorofani kama wapangaji. Mama hana kitu kingine duniani. Mara mbili nimemleta Mtanda akae nami, na mara zote mbili amerudi kwake kabla sijamzoea, akidai mjini watu wanapita mlangoni hawabishi hata hodi.

Kwa hiyo mtu yeyote angeuliza: huyo anayeuza ni adui gani? Hapo ndipo penye uchungu. Anayeuza alikuwa kipenzi cha mama.

Alikuja miaka kadhaa iliyopita, mzee wa makamo mwenye kitambi, amechumia maisha yake Dar es Salaam, amelinunua gofu lile kutoka kwa warithi walioishi mbali wasiolitaka. Mama akamkaribisha mkekani, akamuuliza kwao wapi. Akasema Songea. Akamuuliza kabila. Akasema Mngoni. Mama akapiga kigelegele kama aliyeletewa mchumba, kwa kuwa sisi ni Wamwera, na Wangoni ni watani wetu. Wazee husema babu zao walikuja kutupiga, na damu ilipokauka pakabaki utani: mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika, akikamata jogoo wako humdai, nawe ukichukua chake vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo pale pakawa na uwanja wa matusi. Yeye akishuka kwenye gari lake alianzia mbali: "Kibibi, hujafa tu? Mateka gani huyu anadumu hivi?" Mama alimjibu kwamba babu zake walitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini hawana hata kandambili, leo mjukuu anavimbia watu kwa gari la mkopo. Akamchukulia jogoo. Mama akamchukulia kiti cha kunesa alichokinunua kwa ajili ya baraza lake, na hadi leo kiti hicho kiko chumbani kwa mama, kina foronya. Mafundi wa chokaa walioletwa kutoka Kilwa Masoko, waliokaa hapo kambini miezi na miezi, walikuwa wakisimamisha kazi ili wasikilize.

Na jumba likapona. Hilo nalisema bila kinyongo, mgala muue na haki yake mpe. Boriti mpya za mikoko zilipandishwa juu, kuta zikapigwa chokaa upya kwa mtindo wa zamani, milango ikachongwa. Mama aliwapikia mafundi muda wote ule. Siku paa lilipokamilika alivaa kanga mpya akapanda ghorofani kwa mara ya kwanza maishani, akatazama bahari kupitia dirisha la matajiri, akateremka akisema upepo wa huko juu ni ule ule.

Sasa rudi kwenye cherehani yangu. Nilimwambia mteja gauni lisubiri, nikapanda gari la Mingoyo, na pale njia panda nikachukua bodaboda hadi kwa mama. Nilimkuta anatwanga kisamvu. Nikamwonyesha video, niliyokuwa nimeomba nirushiwe. Akaitazama yote, akajiona, akafurahi.

"Mtani huyo," alisema. "Kanipiga picha na mwiko."

Nikamuuliza kama amesikia maneno. Akasema amesikia, na kwamba mbona ni yale yale, tangu masika mtani anamwambia kila akija kwamba anamuuza, yeye na kuku wake. Nikamuuliza yeye alikuwa anajibu nini. Alikuwa anamjibu auze, ila dalali asipunguze bei, mzigo ni wa zamani na imara.

Nikamuuliza kama maneno hayo aliyasema mbele ya mtu mwingine yeyote. Akafikiri, mchi mkononi, akakumbuka siku walipokuja watu wa kupima mipaka. Kulikuwa na mkutano chini pale kwenye gati, na mwenyekiti wa kijiji, na majirani, na bwana mmoja wa ardhi aliyetoka mikoa ya ziwani. Bwana yule akauliza kama kuna mtu mwenye pingamizi na mpaka kupita pale unapopita. Mtani akadakia kwamba kibibi huyu hana pingamizi, mateka hana shamba. Watu wakamgeukia mama wasikie jibu.

"Nikasema sina pingamizi, mume wangu, nichukue na nyumba yangu," mama alisema. "Watu walicheka mpaka wakakaa chini."

"Na yule bwana wa ardhi?"

"Hakucheka. Akaniuliza mara ya pili kama kweli sina. Nikamwambia sina."

Nilikaa juu ya kinu kingine kibovu kilichokuwa kimelala. Mama alikuwa amekabidhi nyumba yake mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya kijiji kizima kinachomfahamu, na kijiji kizima kikashika mbavu. Hakuna mgeni ambaye angefanya kosa hilo. Mgeni angenuna, angesema hapana, angeokoka. Nikamuuliza kwa ukali, ukali ambao si wa kumwonesha mama, kwa nini hakusema tu ukweli. Akanishangaa. Akaniuliza angemjibu nini kingine; mtani akikuchokoza mbele za watu, ukinuna umeshindwa.

Nikatoka uani nikampigia simu huyo mtani. Akapokea kwa furaha, akiniita mtoto wa mateka, akiuliza kama mizigo ya mama imeshafungwa. Nikamwambia siku hiyo sina utani. Akacheka. Nikamtukana. Nilimtukana matusi ya kweli, yenye mama na baba ndani yake, ambayo sijawahi kumtukana mtu, na yeye alizidi kucheka, akasema nimekua, nimefanana na mama yangu. Hilo lilinitisha kuliko ile video. Hapakuwa na neno lolote kinywani mwangu ambalo lingemfikia mtu yule.

Basi nikanyamaza. Ukimya ndio uliomfikia. Akaacha kucheka, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake akasema, "Nilimwambia. Kila nilipokuja nilimwambia kwa mdomo wangu huu, kibibi nakuuza. Ulitaka nimwambieje?"

Akaeleza mengine taratibu. Watoto wake hawataki kusikia habari ya Lindi. Magoti yake hayapandi tena ngazi. Amepata watu wanaotaka ufukwe wote ukiwa wazi, na mama atakuja kwangu mjini, usafiri utakuwa juu yake. Nilisikiliza nimeshika shina la mkorosho. Kumbe miezi yote ile, kati ya jogoo na kiti cha kunesa, alikuwa anasema kweli tupu. Alimwambia mama habari ya kumhamisha kwa njia pekee ambayo mama hakuweza kuiamini. Kama ilikuwa ujanja au ilikuwa woga wa mtu anayependa, mpaka leo sijui, na nimeacha kujiuliza kwa sababu kila nikijiuliza napandwa na hasira mpya.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Ni mtu mzima, nimesoma na mdogo wake, na aliponiona aliinuka kabla sijaketi, maana alikuwa ameshaiona video na yeye. Alikiri kwamba siku ile alicheka kuliko wote. Alisema hakuna hata mtu mmoja pale aliyedhani kwamba mama anajibu swali, walidhani anamjibu mtani.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema, akitazama chini. Kisha akanipa njia. Wanunuzi watakuja kulikagua jumba wiki ile ile, na yeye ameitwa kuwa shahidi wa kijiji. Neno alilolisema mama mbele ya watu, alitengue mbele ya watu, kwa uso mkavu, na yeye hataweka mkono wake kwenye mauzo ya mahali penye mtu aliyekataa.

Niliona tumepona. Nikarudi kwa mama mbio, nikamweleza, nikidhani atashukuru. Akasema hawezi.

Mama huyu huyu aliyekataa godoro langu la Mtanda, aliyeapa atazikwa kando ya mihogo yake, anasema hawezi kusimama na kusema nyumba ni yake. Nikamfokea. Akaniacha nifoke mpaka nikachoka, ndipo akasema kwamba mimi ni mtoto wa mjini, nadhani utani ni maneno ya kuchekeshana. Utani waliuweka waliokuwa wamechoka kuuana. Mtu akisimama mbele ya mtani wake na kumwambia hapa hatutaniani, anarudisha kile walichokizika. Yeye hajawahi kuona mtu akifanya hivyo, na mama yake pia hakuwahi. Mchana ule hakula. Kisamvu alichokitwanga nilikipika mimi, nikakila mimi, bila ladha.

Nililala pale mpaka siku ya wanunuzi, mashine yangu nimeifunga. Hatukulizungumzia tena. Asubuhi yenyewe nilimkuta ameshaoga, amevaa kanga za doti mpya, na amefunga kilemba alichokuwa akikivaa Idi. Sikumuuliza. Nikamfuata nyuma.

Barazani walikuwapo mtani, mwenyekiti, mwanamke mmoja wa makamo kutoka Tanga aliyevaa miwani mizuri, na mumewe aliyekuwa anagonga gonga ukuta kwa kidole. Mafundi wawili waliobaki kutunza jumba walisimama kwenye ngazi. Mtani alipomwona mama, uso wake ulichanua.

"Huyo anakuja mwenyewe," aliwaambia wageni. "Kibibi, umekuja kuuzwa na kilemba?"

Mafundi wakaanza kucheka kabla mama hajajibu, kile kicheko cha kutega sikio. Yule mama wa Tanga naye akatabasamu. Mama alisimama chini ya ngazi, mikono ameiweka pamoja mbele.

"Nyumba yangu siitoi," alisema.

Wakacheka. Wallahi, wote walicheka, na mtani akapiga paja akasema basi atamuuza bila nyumba, atapunguza uzito. Mama akarudia, neno kwa neno, na mara hii waliocheka walikuwa mafundi tu. Nilimwona mtani anatafuta jibu, bado anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameanza kumwangalia mama vizuri. Nilijua kwamba amejua. Nilijua pia kwamba angeweza kutupa mzaha mwingine mmoja tu, na wageni wangeendelea kutabasamu, na mambo yangekwisha hapo.

Mama hakumpa nafasi. Alisema, "Kuanzia leo mimi na wewe si watani."

Fundi mmoja alivuta pumzi kama aliyetiwa maji. Mwenyekiti alivua kofia yake, sijui kwa nini. Mimi mwenyewe, niliyemshawishi, niliyemfokea, sikujua kwamba sentensi fupi namna ile inaweza kumfanya mtu mzima azeeke huku unamtazama. Mtani alishika nguzo ya baraza. Akashuka ngazi polepole kwa magoti yake yale mabovu, akasimama mbele ya mama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Miaka yote ile hakuwahi kumwamkia. Alimtukana, akamwita mateka, mzigo, kibibi kisichokufa, na mama alichanua kama msichana. Sasa alimpa heshima ambayo kila kijana wa njiani humpa, na niliona inamwingia mama kama kofi. Hakuitikia. Mtu mzima kuachwa na shikamoo yake mkononi, mbele ya wageni, ni jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, na sikutaka kuliona tena.

Yule mama wa Tanga alimgeukia mwenyekiti akamuuliza kuna nini hapa. Mwenyekiti alimwambia kwamba maneno ya mwanzo yalikuwa utani, haya ameyasikia yeye mwenyewe, na hataweza kuwa shahidi wa upande ule wa ufukwe. Mumewe akaanza kusema kitu kuhusu mipaka. Mkewe akamshika mkono, akamwambia waende. Alipompita mama alimwamkia, na yeye mama akamwitikia vizuri, marahaba mwanangu, safari njema.

Hivyo ndivyo nyumba ilivyobaki. Mwenyekiti alimrudisha yule bwana wa ardhi, mpaka ukapimwa upya, kipande cha mama na mikorosho yake kikatolewa nje. Mtani hakubishana hata kwa neno. Jumba bado linauzwa. Kuna video mpya, nimeiona, na kamera inageuka ikifika kwenye minazi ya mwisho.

Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nikiwa na kiburi cha mshindi. Niliwasimulia wateja, nikaongeza chumvi kidogo. Mwezi uliofuata nilikwenda kumsalimia mama, na tukiwa tumekaa uani tunamenya mihogo, gari la yule mzee likasimama. Akashuka. Akaja hadi penye mpaka mpya, hakuvuka, akasema, "Shikamoo mama." Mama akasema marahaba. Akauliza habari za afya, akaambiwa nzuri. Akauliza habari za kuku, akaambiwa wazima. Akaaga akaondoka. Yalikuwa ni mazungumzo yenye adabu kupita yote niliyowahi kuyasikia mahali pale, na nilipomtazama mama alikuwa analia.

Nikamwambia asilie, nyumba si anayo? Akasema anayo. Akaendelea kumenya. Baadaye akaniambia kwamba mama yake alipozikwa, watani walikuja wakaruka ndani ya kaburi, wakalala humo, wakasema hazikwi mtu hapa mpaka walipwe, maana marehemu alikuwa mchoyo na mvivu na mapua yake yalikuwa makubwa. Waliigiza alivyokuwa akitembea. Watu walicheka, yeye mwenyewe mfiwa alicheka na machozi yakimtoka, na ndivyo alivyoweza kusimama akarudi nyumbani.

"Mimi nitakuja kuzikwa na nani?" aliuliza.

Nikamwambia tupo sisi wanawe, tupo wote, hatutamwacha.

"Nyinyi," alisema mama, "nyinyi mtalia tu."